Nishani ya Sultani Hamad na Vita vya Jenerali Mathews

Miongoni mwa nishani za vita zilizowahi kutolewa katika mwambao huu wa Afrika ya Mashariki, iko moja iliyo adimu kuonekana, ambayo twadhani ingefaa kila mwananchi wa Visiwa hivi aijue. Ilitolewa na Sultani Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar mwezi wa Juni, 1896. Ni ya fedha, upana wake ni milimita 36, na utepe wake ni mwekundu mtupu, rangi ile ile ya bendera ya Sultani wa zama hizo. Upande wa mbele ina sura ya Sultani, imezungukwa na maandishi ya Kiarabu. Upande wa nyuma maandishi hayo hayo yamepangwa kwa mistari minne. Juu ya utepe hufungwa vipande vyembamba vya fedha, na kila kipande kina jina la mahali palipopiganwa: Pumwani, Jongeni, Takaungu na Mwele. Majina hayo yameandikwa kwa hati ya Kiarabu peke yake.

Mtu akiishika mkononi bila ya kujua habari zake, atadhani kuwa hii ni nishani ya Zanzibar tangu utepe hadi maandishi. Mfalme ni wa Zanzibar, rangi ni ya Zanzibar, na hati ni ile tuliyofunzwa vyuoni tukiwa wadogo. Wala hatakosea kwa upande mmoja, kwani waliovishwa ni askari wa Sultani. Lakini askari hao waliongozwa na ofisa wa Kiingereza, Lloyd William Mathews. Walipigana bega kwa bega na mabaharia wa manowari za Kiingereza. Na nchi waliyoipigania ikaishia mikononi mwa Uingereza. Basi suali letu la leo ni hili: vita vilivyoandikwa juu ya nishani hiyo vilikuwa vya nani?

Hatuulizi kwa kupenda kufukua makaburi. Vitu vya namna hii hununuliwa na kuuzwa katika minada ya Ulaya, na huko huelezwa kwa uchache wake na kwa bei yake. Kuvieleza kwa maana yake ni wajibu wetu sisi ambao babu zetu walizivaa nishani hizo, au walielekezewa bunduki na waliozivaa.

OFISA MWENYEWE

Mathews alikuwa mtoto wa visiwani kama sisi. Alizaliwa mwaka 1850 katika mji wa Funchal, kisiwani Madeira, akaingia katika jeshi la majini la Uingereza mwaka 1863, angali mvulana wa miaka 13. Alishiriki katika vita vya Waingereza dhidi ya Waashanti, katika nchi iitwayo Ghana hivi leo, mwaka 1873 hadi 1874, akastahili nishani ya vita hivyo. Mwezi wa Agosti, 1875 akafika Zanzibar akiwa luteni katika meli iitwayo London, iliyowekwa bandarini kwetu ili kuyasaka majahazi yaliyochukua watumwa baada ya Sultani Barghash bin Said kutia saini mkataba wa mwaka 1873 wa kupiga marufuku biashara hiyo baharini.

Mwaka 1877 Mathews aliazimwa kwa Sultani Barghash ili amuundie jeshi jipya kwa taratibu za Kizungu. Hadi wakati huo Sultani alikuwa akitegemea zaidi askari Waarabu na Mabaluchi, ambao utii wao ulifuata koo zao na mafungu yao. Jeshi la Mathews liliandikisha Waafrika. Walifundishwa gwaride, walipewa sare na bunduki za Snider, na idadi yao ikapanda kutoka mamia ya mwanzo hadi kupita elfu moja katika miaka michache. Sultani alifurahi, maana kwa mara ya kwanza alikuwa na jeshi lisilomtegemea shekhe huyu wala kabila lile. Balozi wa Uingereza naye alifurahi, maana jeshi hilo lilikuwa chini ya mtu wake.

Wenzetu wa Pemba wana sehemu yao katika habari hizi. Mwezi wa Desemba, 1881, Kapteni Brownrigg wa meli ya London aliuawa karibu na Pemba alipolisimamisha jahazi lililokuwa na watumwa. Mathews alivuka na askari wake hadi kisiwani humo, akamsaka kiongozi wa jahazi hilo, Hindi bin Khatim, akamtia mbaroni. Mwaka uliofuata, 1882, aliliongoza jeshi la Barghash hadi Mwele, nyuma ya pwani ya Gazi, kupigana na Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui. Jina la Mwele, kwa hiyo, lilikuwa limekwisha kuingia katika habari za Mathews miaka 14 kabla ya kuandikwa juu ya kipande cha fedha.

Twataka kuwa waadilifu. Mathews hakuwa mtu wa kuja mwaka mmoja akajaza mifuko akaondoka. Aliishi hapa miaka 26, aliichukia biashara ya watumwa kwa dhati, na amri ya Aprili 6, 1897 ya kuiondolea utumwa himaya ya sheria ilitoka yeye akiwa mkuu wa serikali. Alifariki mjini Zanzibar tarehe 11 Oktoba, 1901, akazikwa hapa hapa katika makaburi ya Waingereza nje ya mji. Wako Wazungu wengi waliopita mwambao huu ambao hawawezi kusemewa hata nusu ya hayo.

Lakini uadilifu wadai pia kutazama cheo chake. Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1891 Mathews akafanywa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Sultani, na katika masharti ya kazi hiyo Sultani hakuwa na uwezo wa kumwondoa. Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Mtumishi ambaye bwana wake hawezi kumfukuza si mtumishi tena, hata akiendelea kusimama nyuma ya kiti cha bwana huyo na kumwinamia. Sultani aliyekuwa na jeshi mwaka 1877 alikuwa, kufikia mwaka 1893, na jeshi lenye jina lake na amri ya mtu mwingine.

MAJINA MANNE

Na tuyasome majina yaliyo juu ya nishani, moja baada ya jingine.

Pumwani na Jongeni ni majina ya ngome zilizokuwa katika msitu wa karibu na Witu, bara ya Lamu. Wala asidhani msomaji kuwa ni ile Pumwani ya Nairobi. Witu ilianzishwa na Ahmad Fumo Luti, aliyekuwa akiitwa Simba, wa ukoo wa Nabahani uliotawala Pate, baada ya kushindwa na nguvu za Zanzibar visiwani na kuhamia bara. Huko alijiunga na watu wa kila namna, wakiwamo Watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya pwani. Mwaka 1885 Witu ilijiweka chini ya himaya ya Ujerumani kwa kutafuta kinga dhidi ya Sultani wa Zanzibar. Kisha mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walipogawana na kubadilishana nchi za watu, Witu ikahamishiwa kwa Waingereza bila ya wenyewe kuulizwa. Mwaka huo huo Wajerumani kadhaa waliuawa huko, na manowari za Kiingereza zikashusha askari walioutia moto mji wa Witu mwezi wa Oktoba.

Kampuni ya Imperial British East Africa ilipewa Witu iitawale, ikashindwa gharama zake, ikaiacha mwishoni mwa Julai, 1893. Ndipo ikaonekana kuwa bendera ya Sultani wa Zanzibar yafaa. Mathews alikwenda Witu na askari wa Sultani, na alipokataa Fumo Omari kuutambua utawala huo, askari hao pamoja na mabaharia wa Kiingereza chini ya Kapteni Lindsay walizishambulia Pumwani na Jongeni katika nusu ya kwanza ya Agosti, 1893, wakazivunja. Watu wa Witu walikuwa wakiikimbia mamlaka ya Zanzibar kwa miaka mingi. Mwaka 1893 waliiona inawafuata msituni, lakini safari hii nyuma yake walikuwako Waingereza.

Takaungu iko kando ya hori, kusini ya Kilifi. Ulikuwa mji wa Mazrui waliohama Mombasa baada ya Seyyid Said kuwaangusha mwaka 1837. Mwanzoni mwa mwaka 1895 alifariki Liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis. Kwa desturi ya ukoo, aliyekuwa na haki zaidi ya kurithi ni mpwawe marehemu, Mbaruk bin Rashid, ambaye asichanganywe na Mbaruk bin Rashid wa Gazi. Maofisa wa Kampuni walimpenda zaidi Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu, kwa kuwa walimwona msikivu, wakamsimika. Ugomvi wa mirathi ya ukoo mmoja, ambao wazee wangeweza kuumaliza barazani, ukageuka vita. Walioshindwa walikimbilia Gazi kwa yule Mbaruk mkubwa, naye akakataa kuwatoa.

Na hivyo twafika Mwele. Mbaruk bin Rashid wa Gazi alikuwa mtoto wa Liwali wa mwisho wa Mazrui wa Mombasa, aliyekamatwa mwaka 1837 na kuhamishwa asirudi tena. Tangu ujana wake aligombana na masultani wa Zanzibar, akapatana nao, akagombana tena. Na kila mambo yalipomzidi alipanda Mwele, katika vilima vyenye msitu, ambako alijenga boma. Tarehe 1 Julai, 1895 serikali ya Uingereza iliichukua rasmi nchi yote kutoka kwa Kampuni. Mwezi uliofuata, tarehe 17 Agosti, Admirali Rawson akiwa na mabaharia wake, pamoja na askari wa Zanzibar na Wasudani, akalishambulia boma la Mwele na kuliteka. Mathews alikuwa katika msafara huo, akajeruhiwa.

Kutekwa kwa boma hakukumaliza vita. Mbaruk na watu wake waliendelea kupigana kwa kuvizia kwa miezi mingine minane, hata Waingereza wakalazimika kuleta kikosi cha askari kutoka Bara Hindi, kilichoshuka Mombasa mwezi wa Machi, 1896. Mwezi wa Aprili Mbaruk alivuka mpaka akaingia katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, akajisalimisha kwa Gavana von Wissmann. Alikaa Dar es Salaam hadi kufa kwake mwaka 1910.

Hatusemi kuwa hao walioshindwa walikuwa malaika. Mbaruk alikuwa na watumwa, na alipigania cheo cha ukoo wake kama alivyopigania nchi. Wakuu wa Witu nao walikuwa wakiteka watu na kuwauza. Lakini tusikubali pia hoja ya washindi, kwamba vita hivyo vilikuwa vya kuleta utulivu na kuondoa utumwa tu. Takaungu haikupigwa kwa sababu ya utumwa. Ilipigwa kwa sababu watu wake walitaka kumchagua liwali wao wenyewe.

NISHANI MBILI ZA VITA VILE VILE

Waingereza nao walitoa nishani yao kwa vita hivyo, na yafaa kuziweka mbili hizo pamoja. Ya kwao yaitwa Nishani ya Afrika ya Mashariki na Magharibi, iliyoanzishwa mwaka 1892. Utepe wake ni wa manjano wenye mistari myeusi. Upande wa mbele kuna sura ya Malkia Victoria aliyejitanda ushungi, na upande wa nyuma kuna picha ya askari wa Kiingereza wakipigana na Waafrika msituni. Vita vya Pumwani na Jongeni vilipewa kipande chenye maneno “Witu August 1893”. Mwele haikupewa kipande. Jina lake na mwaka vilichongwa kwenye ukingo wa nishani yenyewe, ndiyo sababu nishani hizo nazo zinatafutwa sana.

Picha hiyo ya nyuma haikuchorwa kwa ajili ya Witu wala Mwele. Ilichorwa kwa nishani ya vita vya Ashanti, ile ile ambayo Mathews aliistahili akiwa kijana, kisha ikatumiwa tena kwa vita vya nchi nyingine za Afrika, mashariki na magharibi. Kwa mtengenezaji wa nishani, msitu wa Kumasi na msitu wa Witu ulikuwa msitu mmoja, na Mwashanti na Mnabahani walikuwa adui mmoja asiye na jina. Kanuni za nishani hiyo nazo ziliwapanga watu: askari walipewa ya fedha, na wachukuzi na watumishi walipewa ya shaba nyeusi.

Nishani ya Sultani haina picha hiyo ya aibu. Ina maneno tu, na ina majina ya miji kwa hati ambayo watu wa miji hiyo waliweza kuisoma. Kwa upande huo ina adabu zaidi kuliko ya Malkia. Lakini adabu hiyo ndiyo inayotutia wasiwasi. Nishani ya Malkia haifichi kitu: mtazamaji amwona mshindi, amwona mshindwa, na ajua nani alitoa amri. Nishani ya Sultani yavisha vita hivyo hivyo kanzu ya nyumbani, ikatufanya tudhani kuwa ni Zanzibar iliyoamua kwenda Mwele.

JUNI NA AGOSTI, 1896

Tazameni tarehe, ndugu wasomaji. Tarehe 14 Desemba, 1895, miezi sita kabla ya kutolewa nishani, mwambao wa bara uliobaki kwa Sultani uliwekwa chini ya uendeshaji wa Uingereza kwa malipo ya pauni 11,000 kwa mwaka, pamoja na riba ya pauni 6,000. Takaungu na Mwele zilikuwa zimekwisha kukodishwa, na Witu ilikuwa tayari katika mikono hiyo hiyo. Sultani Hamad, basi, mwezi wa Juni, 1896, aliwavisha askari wake majina ya mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa na amri tena. Alibakia na kodi, na bendera, na sura yake juu ya fedha.

Tarehe 25 Agosti mwaka huo huo Sultani Hamad alifariki ghafla. Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila ya idhini ya Waingereza, akajitangaza Sultani, na watu wapatao 2,800 wakamzunguka kwa silaha, wakiwamo walinzi wa jumba waliokuwa wa marehemu. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu na dakika mbili, manowari za Kiingereza chini ya Admirali Rawson yule yule wa Mwele zilianza kulipiga jumba kwa mizinga. Haikupita saa moja mambo yakawa yamekwisha. Watu wa upande wa Khalid wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam, alikokuwako Mbaruk.

Na askari wa jeshi la Mathews walikuwa wapi? Walikuwa mjini, wapatao 900, chini ya ofisa mwingine wa Kiingereza, Raikes, wamesimama upande wa Waingereza. Jeshi lililovishwa sura ya Sultani Hamad mwezi wa Juni lilisimama mwezi wa Agosti likielekea jumba alimofia Sultani huyo, na ndani ya jumba hilo walikuwamo Wazanzibari wenzao. Wahenga walisema, vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Hatumlaumu askari wa kawaida. Alikuwa mtu maskini, aghalabu mtumwa wa jana au mtoto wa mtumwa, ambaye jeshi lilimpa mshahara, sare na heshima ya kutembea barabarani bila ya kuulizwa bwana wake ni nani. Huenda alipotazama Mwele aliona boma la tajiri mwenye watumwa, wala hakuona ngome ya wapigania uhuru, na hatuna haki ya kumwambia kuwa macho yake yalikosea. Alikwenda alikotumwa. Nani alikuwa na haki ya kumtuma ni suali ambalo halikuulizwa kwake, na ambalo Sultani mwenyewe hakuweza tena kulijibu.

Mafunzo tuyatakayo kwa viongozi na watumishi wa serikali yamo katika suali hilo. Nchi hainyang'anywi jeshi lake kwa siku moja. Kwanza huja mtaalamu wa kuazimwa, mtu hodari na mwenye nia njema. Kisha hutolewa msaada wa silaha. Kisha mtaalamu huyo huwa wa lazima, kwa sababu hakuna mwingine aliyefunzwa kushika kazi yake. Kisha hupewa cheo ambacho mwenyeji hawezi kumvua. Mwishoni bendera hubaki ile ile, muhuri ule ule, sura ile ile juu ya nishani, na uamuzi huwa umekwisha kuhama. Zanzibar ilipita njia hiyo yote kati ya mwaka 1877 na mwaka 1891, miaka 14 tu, na hakuna risasi iliyolia mjini katika muda huo iliyoweza kuwaamsha watu. Hayo hayahusu majeshi peke yake. Hazina, bandari, forodha na skuli huweza kwenda njia hiyo hiyo.

LA KUFANYA

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliufuta usultani pamoja na nishani zake zote, na hakuna mwenye akili anayetaka zivaliwe tena. Lakini kufuta cheo si kufuta kumbukumbu. Twapendekeza mambo matatu.

La kwanza ni kwa wananchi. Iwapo katika nyumba yoyote ya Unguja, Pemba, Lamu au pwani ya Gazi kuna nishani ya namna hii, au utepe wake, au karatasi ya askari wa zamani, wenye nayo wasiione aibu wala wasiiuze kwa bei ya fedha iliyomo. Waipeleke ionekane na iandikwe katika Hifadhi ya Nyaraka pale Kilimani, au kwa wenzetu wa makumbusho ya Lamu na Mombasa, kisha waondoke nayo wakitaka. La muhimu zaidi ni jina la aliyeivaa. Jina la Mathews limo katika vitabu. Majina ya askari wake hayakupata bahati hiyo, na wazee wanaoweza kusema “huyu alikuwa babu wa babu yangu” wanapungua kila mwaka.

La pili ni kwa wanaosimamia makumbusho yetu. Nishani ya vita inapowekwa ndani ya kioo, isiwekwe peke yake na jina la ofisa tu. Pembeni yake iandikwe nani alipigana, nani alipigwa, kwa ugomvi gani, na nchi ile ilikuwa mikononi mwa nani vita vilipokwisha. Fumo Omari na Mbaruk bin Rashid wana haki ya kutajwa katika kioo kimoja na Mathews na Rawson.

La tatu ni kwa walimu. Watoto wetu hufundishwa habari za vita vya Agosti 27, 1896 kama kichekesho cha vita vifupi kuliko vyote duniani. Laiti wangefundishwa pia miaka mitatu iliyotangulia, kutoka Pumwani hadi Mwele, wangefahamu kwa nini vilikuwa vifupi: kabla ya mzinga wa kwanza kulia, jeshi la nchi lilikuwa limekwisha kuwa upande wa pili. Aidha, wangejua kuwa mtoto wa Lamu na mtoto wa Kwale, walio raia wa Kenya hivi leo, wana mlango wa kuingilia katika historia hiyo hiyo, na kwamba katika mlango wao sisi wa Zanzibar twaonekana tukija na bunduki.

Hilo la mwisho ni zito kulisema, lakini lazima lisemwe. Tumezoea, na kwa haki, kuisimulia Zanzibar kama nchi iliyotawaliwa na wageni. Nishani hii inatukumbusha kuwa jina la Zanzibar lilitumika pia kuwatawalisha wengine, na kwamba walioshika bunduki walikuwa watu wetu. Tukiikubali sehemu hiyo ya habari, tutakuwa na haki zaidi ya kuwadai Waingereza wakubali ya kwao.